Tusiiogope Dawa Ndogo, Tuulize Bei Yake

Humu shuleni kuna wenzangu ambao wakisikia neno "nano" wanacheka, ati hayo ni mambo ya sinema. La hasha! Yeyote aliyedungwa chanjo ya Korona ya Moderna au Pfizer, zilizoanza kutolewa nchini mwaka wa 2021, alishaipokea nano mkononi. Chanjo hizo hufungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno: ukivipanga mia tano kwa mstari mmoja, havipiti upana wa unywele.

Lakini si chanjo iliyonifanya nishike kalamu. Ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, ambayo huwavamia hasa wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka. Dawa yake ya miaka mingi, amfoterisini, ni kali. Inaua kuvu, sawa, ila figo za mgonjwa nazo zinaumia, na lazima atundikiwe dripu kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Wataalamu wakaichukua dawa iyo hiyo, wakaifunga ndani ya vitone vya mafuta. Kumbe ikifungwa hivyo figo hupata nafuu, na mgonjwa anaweza kupewa kipimo kikubwa kwa mpigo mmoja! Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba dripu moja pamoja na vidonge haikushindwa na dripu za siku saba. Mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Sasa hebu piga hesabu. Mama wa Ruiru ambaye mwanawe amelazwa Thika hupanda matatu asubuhi na jioni, uji kwenye chupa, kibanda chake cha mboga kimefungwa. Siku saba ni nauli mara kumi na nne. Figo zikiharibika, safari zinaanza upya.

Tatizo ni bei. Dawa iliyofungwa kwa mafuta ni ghali kuliko ile ya zamani, nayo hutoka mbali. Tukisema tungoje wageni waje kututengenezea, tukumbuke kwamba mwaka wa 2022 Moderna walitangaza kujenga kiwanda cha chanjo hapa Kenya, na Aprili 2024 wakasimamisha mpango huo. Ilhali jirani yetu Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, amefundisha Profesa Hulda Swai, Mtanzania aliyefanya kazi miaka mingi kuzifunga dawa za kifua kikuu kwa nano.

Na sisi je? Katikati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Tunakipita tu tukienda likizo. Chama cha Sayansi, ambacho ziara zake huwa za kuangalia wanyama, kiombe nafasi pale muhula ujao. Tukifika tusiulize maajabu ya nano. Tuwaulize dozi moja ingegharimu shilingi ngapi kama ingetengenezwa hapo hapo.