Goma ikitaka kulenga shabaha, ianze na milimita 4.5

Kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ambayo watu wa Goma wanaifahamu zaidi ni 7.62, ile ya Kalashnikov. Hawakuisoma kitabuni. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, familia nyingi zililala sakafuni, mbali na madirisha, na katika hospitali ya CBCA Ndosho madaktari wa upasuaji wakisaidiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walipokea majeruhi mfululizo. Katika mji wa namna hiyo, anayesimama kusema kwamba kuna bunduki ya mchezo, tena mchezo wa Olimpiki, lazima ajieleze vizuri.

Basi aanze kwa kueleza ni bunduki gani. Bunduki ya upepo haina baruti. Kinachosukuma kijirisasi ni hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi mwembamba chini ya mtutu, au hewa inayoshindiliwa na springi iliyobanwa na kuachiliwa. Mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki hii katika umbali wa mita 10 yaliingia Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984, wanaume kwao na wanawake kwao. Na popote mchezo huu ulipo, anayeanza huuliza jambo lilelile: anunue kaliba 4.5 au 5.5?

Kwa anayetaka kushindana katika mchezo huo wa mita 10, jibu lilishatolewa zamani. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinakubali milimita 4.5 peke yake. Mwenye 5.5, hata kama alilipa ghali na bunduki yake inapiga pale inapoelekezwa, hatavuka meza ya ukaguzi wa vifaa.

Sababu iko kwenye shabaha yenyewe. Duara la nje kabisa lina kipenyo cha milimita 45.5. Kila linalofuata kwenda ndani linapungua milimita 5, hadi la alama 9 lenye milimita 5.5, na katikati kuna kumi, ambayo ni kitone cheupe cha nusu milimita. Mshindani amesimama mita 10 kutoka hapo. Hana darubini; anachungulia kupitia tundu dogo la nyuma na pete ya mbele, na kumi yenyewe haioni. Anachoona ni mviringo mweusi wa milimita 30.5, naye anajitahidi kuuweka katikati ya pete huku mapigo ya moyo wake yakiutikisa mtutu.

Sasa, katika hesabu ya karatasi, tundu likigusa tu mstari wa duara, alama ya juu ndiyo inayoandikwa. Kijirisasi cha 4.5 hupata kumi hata kikipotoka kati kwa milimita 2.5. Cha 5.5 kingeipata kumi hiyohiyo kikipotoka kwa milimita 3. Mwenye mtutu mnene angekuwa anapewa alama na duka, si na mkono wake.

Nusu milimita inaonekana kitu cha mzaha mpaka siku ya fainali. Katika Olimpiki ya Paris 2024, Ban Hyojin wa Korea Kusini, msichana wa miaka 16, na Huang Yuting wa China walimaliza wakiwa sawa, alama 251.8 kila mmoja. Wakapigishwa risasi moja ya nyongeza. Ban akapata 10.4, Huang 10.3. Siku hizi alama huhesabiwa kwa desimali, na kila sehemu moja ya kumi ni robo milimita. Dhahabu na fedha zilitenganishwa hapo.

Ndiyo maana washindani wenyewe hawabishani tena juu ya 4.5 na 5.5. Ubishi wao ni wa 4.49 na 4.50. Vijirisasi vya mashindano huuzwa kwenye vikopo, mara nyingi 500 kwa kopo, na juu ya kopo huandikwa kipenyo cha kichwa: 4.49, 4.50, 4.51. Kichwa chake ni bapa, kiuno chembamba, sketi nyuma. Ubapa huo ndio unaokata karatasi tundu safi la mviringo badala ya kuirarua. Mtutu mmoja hupenda 4.49, mwingine wa kiwanda kilekile hupenda 4.51. Hakuna wa kukuambia. Bunduki hufungwa kwenye jiriwa, kila aina hupigwa mara kadhaa, na ile inayorundika matundu mahali pamoja ndiyo inayonunuliwa kwa wingi. Kazi ya kuchosha kweli, lakini hapo ndipo kaliba inapochaguliwa.

Je, 5.5 haina mahali? Inapo, nje ya mchezo huu. Kijirisasi chake ni kizito, kinabeba pigo kubwa zaidi kinapofika, na kwa hiyo ni kaliba ya wawindaji wa ndege na wanyama wadogo. Hapo Goma inabidi ifikirie mara mbili. Mji huu umepakana na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na nchi ina sheria ya uwindaji tangu 28 Mei 1982. Bunduki ya 5.5 ikiachwa nyumbani kwa kijana haitakaa kwa ajili ya karatasi. Itatafuta njiwa, kisha itatafuta tumbili.

Kuna na hatari nyingine, ambayo watu wa usalama wataielewa kabla ya watu wa michezo. Bunduki nyingi za bei nafuu, zile za kukunja mtutu ili kubana springi, zina kitako cha mbao au plastiki nyeusi. Usiku, katika mitaa ya Birere au Katindo, nani ataitofautisha na silaha halisi? Jambazi ataitumia kutisha, na mtu asiye na hatia anayerudi nayo mazoezini anaweza kupigwa risasi kwenye kizuizi. Bunduki ya mashindano ya 4.5 ina umbo jingine kabisa, fremu ya alumini yenye skrubu kila mahali, mara nyingi ya bluu au nyekundu, na egemeo la shavu linalorekebishwa. Haimtishi mtu. Hata hivyo mahali pake ni kabati la chuma la ukumbini, si begani barabarani.

Nguvu yake nayo isemwe kwa tarakimu. Kijirisasi cha mashindano kina uzito wa nusu gramu hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 170 kwa sekunde. Hiyo ni kama jouli 7.5, mpaka uleule ambao Ujerumani imeuweka kwa bunduki za upepo ambazo mtu mzima anaweza kununua bila kibali. Risasi ya Kalashnikov hubeba takriban jouli 2,000. Tofauti ni zaidi ya mara 250. Lakini jouli 7.5 zinatosha kupofua jicho, na hakuna kocha makini atakayemruhusu mtu kusogea mbele ya mstari kabla kila mtutu haujapitishwa uzi wa rangi kali unaoonyesha kwamba hauna kitu ndani. Na kwa kuwa vijirisasi ni vya madini ya risasi, mikono huoshwa kabla ya kushika chakula.

Nani basi aanze? Maoni ya makala haya ni kwamba wasianze vijana wa mtaani, ila watu waliopoteza viungo. Goma ina kituo cha Shirika la Umoja, ambacho kwa miaka mingi kimewapa watu miguu ya bandia na mazoezi ya viungo, wengi wao wakiwa wahanga wa vita. Michezo ya Paralimpiki imekuwa na kulenga shabaha tangu Toronto 1976, na kaliba ya mita 10 ni ileile 4.5. Daraja la SH1 ni la wanaoweza kubeba bunduki wenyewe, wengi wakiwa kwenye kiti cha magurudumu. Daraja la SH2 ni la wenye ulemavu wa mikono, ambao bunduki yao huegemezwa kwenye stendi yenye springi. Avani Lekhara wa India, aliyepooza baada ya ajali ya gari mwaka 2012 akiwa mtoto, alichukua dhahabu ya wanawake wa SH1 huko Tokyo, akairudia Paris 2024.

Itasemwa kwamba ni ukatili kumpa bunduki mtu aliyekatwa mguu na bunduki. Wengine watakataa, na hiyo ni haki yao, asibembelezwe mtu. Lakini kumkatia shauri mapema kwamba hawezi kutaka ni kumfanya mgonjwa maisha yake yote.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi. Kivu imeona watoto wakichukuliwa na makundi yenye silaha, na klabu inayofundisha kulenga inaweza kugeuzwa mahali pa kuchagulia. Wasiwasi huo haujibiwi kwa hotuba. Unajibiwa kwa kanuni: asiyefika miaka 18 asiguse bunduki ya upepo, na rejista ya wanachama iwe wazi kwa wazazi na viongozi wa mtaa. Kwa watoto ipo leza. Mchezo wa pentathlon ya kisasa, ambao zamani ulitumia bastola ya upepo ya 4.5, ulihamia kwenye leza na kuitumia Olimpiki ya London 2012. Leza inafundisha kusimama, kupumua na kuvuta kifyatulio bila kustuka, na haitoboi kitu.

Gharama si ndogo. Bunduki mpya ya kiwango cha Olimpiki huuzwa kwa maelfu ya dola, na mtungi wake hujazwa hadi bar 200, hivyo inahitajika pampu imara ya mkono au kompresa, na mtu wa kuangalia tarehe ya mwisho ya mtungi. Bunduki zilizotumika za Ulaya, zile zinazoshindilia hewa kwa kuvuta wenzo mara moja tu, ni nafuu na hazingojei umeme. Ukumbi ni rahisi zaidi: mita 10 kutoka mstari hadi shabaha, katikati ya shabaha ikiwa mita 1.40 kutoka sakafuni, na ukuta mzima nyuma. Kibali kitafutwe kabla ya mzigo. Kongo ina sheria ya silaha na risasi ya 3 Septemba 1985, na boksi lenye picha ya bunduki likifika mpakani Grande Barrière bila karatasi, hayatasikilizwa maelezo yoyote kuhusu Olimpiki, si upande wa Gisenyi, Rwanda, wala upande huu.

Jirani wa kanda ameshathubutu. Priscilla Mburu aliiwakilisha Kenya Rio mwaka 2016 katika bunduki ya upepo mita 10. Hakurudi na medali, lakini alisimama kwenye mstari uleule na mabingwa, akiwa na kaliba ileile.

Kwa hiyo wanaoiwazia Goma klabu wasianze dukani. Watafute ukumbi, watafute leza chache, wazungumze na Shirika la Umoja na wazazi. Siku ya kununua bunduki ya upepo ikifika, iwe 4.5 na ifungiwe ukumbini. Ya 5.5 irudishwe ilikotoka, hata ikiletwa kama zawadi.