Dawa ya Kusahau: Tuulize Kabla ya Kuuza Shamba

Nataka kusema nanyi juu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu, upande wa Bwera, wakati wa likizo iliyopita. Lanitia haya kulisimulia, lakini nadhani litafika katika nyumba nyingi za wanafunzi wa shule hii, kama bado halijafika.

Bibi yangu mzaa baba ameanza kusahau. Kwanza alisahau mambo madogo: mahali alipoweka ufunguo, na chumvi aliyokwisha kuitia katika chungu. Halafu akapotea njia ya kurudi kutoka sokoni. Sasa amesahau majina yetu. Kwetu sisi Wakonzo jambo hili ni zito, maana jina la mtu huonyesha nafasi yake ya kuzaliwa: Bwambale ni mtoto wa kiume wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. Mimi ni Kule, naye huniita Bwambale. Akikosea jina langu, amekosea na mahali pangu katika nyumba. Majirani wengine walisema amerogwa. Wengine wakanong'ona ya kuwa yeye mwenyewe ndiye mchawi, na hayo ni maneno ya hatari, kwa kuwa mwanamke mzee aweza kupigwa au kufukuzwa kwa ajili yake.

Basi siku moja alikuja mtu mwenye mkoba na karatasi za rangi. Alisema anauza dawa ya seli shina, nayo humrudishia mzee akili zake. Dawa ya miezi sita ilitaka fedha ambazo hatukuwa nazo, wala hatukuweza kuzipata ila kwa kuuza kipande cha shamba la kahawa. Baba akawaita ndugu zake. Kisha akanigeukia mbele ya wazee, akasema, "Wewe unasoma Bayolojia. Je, hizi seli shina ni kitu cha kweli?"

Nilisimama, nikajibu kwa majivuno, "Ndiyo, baba. Ni kweli. Tumefundishwa." Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Jioni ile shamba lilikuwa karibu kuuzwa, tena kwa neno langu.

Aliyetuokoa ni shangazi, ambaye alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, umejibu swali moja tu. Seli ni za kweli. Na dawa je? Imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu, nao walilinganishwa na nani?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nililitafuta, na leo nawaletea niliyoyapata.

Seli shina ni seli changa ambayo bado haijashika kazi yake. Yaweza kujigawanya na kuzaa seli za namna mbalimbali. Katika uboho wa mifupa yetu zimo seli kama hizo, nazo hutengeneza damu kila siku. Kwa miaka mingi sasa madaktari wametumia uboho wa mtu mwenye afya kumponya mwenye saratani ya damu, na hata baadhi ya wenye ugonjwa wa selimundu, unaowatesa sana watoto wa Uganda. Mwaka 2006 mtaalamu wa Japani, Shinya Yamanaka, alionyesha ya kuwa seli ya ngozi ya panya yaweza kurudishwa katika hali ya uchanga, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kwa hiyo mtu yule wa mkoba hakutunga neno. Alichukua neno la kweli akalibandika juu ya pakiti yake.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke aliyeanza kupoteza akili akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Alipokufa, daktari huyo aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge ya uchafu kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Ugonjwa ukapewa jina lake. Si uchawi, wala si laana ya mababu. Ni maradhi ya ubongo, na duniani watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya namna hii ya kupotewa na akili, wengi wao katika nchi zisizo tajiri.

Kwa nini basi seli changa zisitiwe katika ubongo kama zinavyotiwa katika damu? Sisi tunaoishi karibu na mto Nyamwamba twaweza kufahamu jambo hili upesi. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, mto ule ulifurika ukachukua nyumba na madaraja. Ukileta watu wageni kukaa mahali pa waliochukuliwa na maji, hawajui mpaka wa shamba la nani u wapi, wala nani anamdai nani. Seli za ubongo nazo zimeungana maelfu kwa maelfu kwa muda wa miaka mingi, na katika miungano hiyo ndimo zimo kumbukumbu. Seli mpya haiji na habari za zamani. Tena, maadamu ugonjwa wenyewe haujazuiwa, mafuriko yangali yanaendelea.

Wataalamu hawajakata tamaa. Korea ya Kusini waliwatia wagonjwa 9 katika ubongo seli zilizotoka katika damu ya kitovu, na mwaka 2015 wakatangaza ya kuwa hazikuleta madhara makubwa, lakini ugonjwa haukupungua mwendo. Marekani walijaribu seli za uboho kwa wagonjwa 49, na habari zake zilitoka mwaka 2025: zilionekana salama, na kulikuwa na dalili za kutia moyo. Lakini watu 49 ni wachache mno. Hiyo ni sababu ya kuendelea kuchunguza, si sababu ya kuuza dawa sokoni. Na zile za mkoba zilikuwa unga mkavu katika vidonge! Seli hai huhifadhiwa katika baridi kali sana, wala haiwezi kukaa hai katika unga mkavu; na ukiimeza, tumbo litaisaga kama lisagavyo nyama.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusumbuke na hesabu za wagonjwa, ikiwa dawa yasifiwa na wengi? Jibu halitoki Ulaya. Lilipatikana ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu Wanande. Ebola ilipowaka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, kulikuwa na dawa nne, na iliyosifiwa zaidi iliitwa ZMapp. Wataalamu, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, hawakuchagua kwa sifa. Huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliwagawa wagonjwa 681 kwa kura, kila kundi na dawa yake. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ilikuwa wazi: kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa; kati ya waliopewa dawa mbili zilizoshinda, walikufa kama theluthi moja. Kama wangefuata sifa, watu wengi wangalikufa bure. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Ebola ilivuka mpaka ikafika hapa Bwera, hivyo sisi hatuna udhuru wa kusema mambo haya ni ya mbali.

Wengine watasema, "Bibi ni mzee, kuna hasara gani kujaribu?" Nayafahamu maneno hayo; mfa maji haachi kutapatapa. Lakini hasara ipo. Shamba lile ndilo linalolipa karo yangu na ya wadogo zangu. Tena mwili nao waweza kuumia. Huko Florida, Marekani, wanawake watatu walilipa fedha zao mwaka 2015 ili wachomwe seli shina machoni, wakatoka wamepofuka au wakiona kwa shida kabisa. Anayefanya uchunguzi wa kweli, kwa kawaida hamwuzii mgonjwa kitu ambacho bado anakijaribu.

Basi tufanye nini? Kwanza, mzee akianza kusahau, apelekwe hospitali. Kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, au hata dawa anazokunywa, na mambo hayo hutibika. Dawa mpya za Alzheimer, kama lecanemab iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, hupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo tu, hazirudishi kilichopotea, na bei yake haifikiki kwetu. Pili, tuanze mapema. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliandika katika jarida la The Lancet ya kuwa karibu visa 45 katika 100 vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kwa kutunza presha, sukari, masikio na macho, kuacha sigara na pombe nyingi, kutowaacha wazee peke yao, na kusoma shule utotoni. Tatu, tuwakanye wanaomwita mgonjwa mchawi.

Nanyi mliomaliza shule hii, mlioko Kampala na ng'ambo, nawaomba neno moja. Ninyi ndio mnaoandikiwa barua za kuomba fedha. Kabla hamjatuma, ulizeni swali la shangazi: wagonjwa wangapi, nao walilinganishwa na nani? Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, niliyejibu kabla ya kuuliza, kwa kuwa nilijua neno nikadhani najua dawa.

Shamba halikuuzwa. Hospitali walimkuta bibi na presha ya juu, na sasa anakunywa dawa yake kila asubuhi. Akili zake hazikurudi. Jioni twakaa naye kwa zamu, naye akiniita Bwambale, naitika.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kuona vingine na aandike katika toleo lijalo.