Msalaba wa Shaba

Mtoto wa Shinyanga akiulizwa maana ya msalaba, hujibu upesi ya kuwa ni alama ya Wakristo. Jibu hilo si uongo, ila ni fupi mno. Mistari miwili inayokatana ni kitu chepesi, hata asiyejua kusoma huweza kuichora mchangani kwa kijiti. Kwa hiyo watu wa nchi nyingi waliichora tangu kale, kila watu kwa maana yao. Wamisri walikuwa na msalaba wenye kitanzi juu, nao kwao ulikuwa alama ya uzima. Kwa Warumi msalaba ulikuwa mti wa kuwaulia watumwa na waasi, tena wa aibu; hata Wakristo hawakuuonyesha sana waziwazi mpaka siku za Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, na baada yake.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na watu wa Shinyanga na Geita ni ya msalaba wa Katanga, katika nchi ya Kongo. Mafundi wa huko walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakaikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya watu. Katika makaburi ya zamani ya nchi ile msalaba ulikuwa mkubwa, tena mmoja tu, umelazwa kifuani mwa maiti. Hiyo ilikuwa dalili ya heshima. Katika makaburi ya baadaye misalaba ni midogo, tena mingi, nayo imewekwa karibu na mikono. Basi ilikuwa imekwisha kuwa fedha.

Mtu akiokota msalaba wa namna hii huweza kusema, “Kumbe Wazungu walifika hapa zamani!” Hilo ni kosa, wala si kosa dogo. Misalaba ya shaba ilikuwapo yapata karne ya 14, na Wareno hawakufika kwenye mlango wa mto Kongo mpaka miaka ya 1480. Si haki kumnyang'anya fundi kazi ya mikono yake na kumpa mgeni ambaye hajazaliwa bado.

Shaba hiyo ndiyo iliyowavuta Wasumbwa, watu wa Ushirombo na Kahama. Kalasa, mfanyabiashara Msumbwa, alikwenda Katanga kutafuta shaba. Mwanawe Msiri akaifuata njia ile ile, akakaa, akatawala huko Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wake ndio Wayeke, nao wapo hata leo. Mwaka 1886 mmisionari Arnot alipofika Bunkeya, alihubiri habari za msalaba mwingine kabisa, katika nchi iliyokwisha kuuzoea msalaba wa biashara na wa mahari.

Fedha za kigeni ziliuondoa msalaba wa shaba sokoni, lakini haukusahauliwa. Julai 1960 Katanga ilipojitenga na Kongo, misalaba mitatu iliwekwa katika bendera yake. Januari 1963 utengano ule ukaisha, na bendera ikashushwa. Alama iliyokuwa heshima ya maiti, kisha fedha, ikawa alama ya ugomvi wa siasa.

Huko Geita watu huchimba dhahabu, na macho ya mchimbaji hutazama kinachong'aa tu. Kama waliofukua Sanga wangalitaka shaba peke yake, wangaliiuza kwa ratili, na hapana mtu ambaye angalijua kwamba msalaba ulitoka kifuani ukaja mkononi. Mahali kitu kilipolala ni nusu ya habari yake. Misalaba mingi ya Katanga siku hizi huuzwa mbali kama mapambo, wala muuzaji hawezi kusema imetoka kaburi gani.