Sivai Kitenge Florence, na Sina Aibu Yoyote

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: Juni hii nikienda Pitti Uomo sibebi suti ya kitenge. Hata moja. Najua wengi wenu mlikuwa mnangoja ile picha ya Mkenya amesimama kwa ukuta wa kale na koti la rangi kumi na mbili. Kuna brandi moja ya hapa Nairobi ilikuwa tayari kunilipia tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, nikikubali kupigwa hiyo picha siku tatu mfululizo. Nilikataa. Hiyo ni doo mob, na mamangu, ambaye bado hajazoea kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, bado ananiuliza kama niko na akili timamu. Wengine wenu mmeniandikia ati naonea haya asili yangu. Hebu tuongee.

Kwa wale hawajui, Pitti Uomo ni maonyesho ya biashara ya nguo za wanaume. Yalianza 1972, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, ndani ya Fortezza da Basso, ngome ya karne ya 16 iliyojengwa wakati wa familia ya Medici. Ukishuka stesheni ya treni ya Santa Maria Novella unatembea dakika chache tu, umefika. Si tamasha. Wanaoingia ni wenye maduka, wanunuzi, waandishi, na sisi watu wa kontenti tukipewa kibali. Nguo zinazoonyeshwa Juni ni za msimu wa joto wa mwaka unaofuata, kwa hivyo mtu akigusa koti pale ndani anapiga hesabu ya mzigo atakaoagiza. Shika hilo neno, anagusa. Nitalirudia.

Nje kwa uwanja ndiko kuna ile sarakasi mnaijua kwa simu. Wanaume wameketi juu ya kaukuta kafupi, mguu juu ya mguu, kofia, ndevu zimechanwa, wanajifanya wanaongea na kumbe wanasubiri kamera. Wanaitwa tausi, na jina limewakaa. Sina vita nao. Lakini tausi anaonekana akiwa mita thelathini, na picha ikishapigwa hakuna mtu anamuuliza koti lako limeshonwa na nani. Hiyo ndiyo shida yangu na suti ya kitenge kwa ule uwanja. Mpiga picha anaona "Afrika", anabonyeza, anaenda. Fundi aliyekata ile nguo hayuko kwa picha.

Halafu hiyo hoja ya asili, maze, tuiangalie vizuri. Hivi vitambaa vya nta vya kuchapishwa vilianza na Wazungu waliokuwa wanaiga batiki za Java kwa mashine. Vlisco, ile kampuni kubwa ya Uholanzi, iko Helmond tangu 1846. Sisemi kitenge si chetu. Watu wetu wamekivaa hadi kikawa chetu, shangazi zangu wakikosa kitenge kwa ruracio hiyo sherehe haijafanyika. Nasema tu usiniletee asili kama rungu. Na wabunifu Waafrika walishaingia Pitti wakiwa na mengi zaidi ya chapa. Thebe Magugu wa Afrika Kusini, aliyeshinda tuzo ya LVMH 2019, alikuwa mgeni maalum huko 2021. Hakuna aliyemwambia avae bendera ndio ajulikane ametoka wapi.

Sasa twende kwa nguo zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibu pesa.

Florence mwezi wa sita ni moto. Mji uko bondeni kando ya mto Arno, mawe chini, mawe kwa kuta, na siku mbaya joto linapita nyuzi 30 vizuri sana. Unasimama kutwa. Ukivaa suti ya polista ya kawaida, ile inauzwa na shati na tai kwa bei moja hapa tao, saa sita mchana umeiva kama mahindi. Polista haipumui, hiyo tu. Na usiamini mdomo wa muuzaji. Mwombe kipande kidogo, chomoa uzi mmoja, uchome na kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu unaweza saga kwa vidole. Pamba na kitani zinawaka kama karatasi. Polista inayeyuka inakuwa kashanga kagumu. Hapo umejua unanunua nini, na muuzaji pia amejua hawezi kukucheza.

Kitani, ile fundi wangu anaita lineni, ndiyo kila mtu anakimbilia, na wengi wanakosea uzito. Wananunua kitani chepesi cha shati wakidhani chepesi ndiyo baridi. Koti la kitani cha shati likiketishwa kwa kiti nusu saa linakuwa kama gazeti la juzi. Kitani cha koti kinafaa kiwe kizito, gramu 280 kwa mita ya mraba au zaidi. Kitajikunja, ndiyo, lakini mikunjo mikubwa na laini, inayofanana na nguo ya mtu ameishi ndani yake. Upepo unapita kwa vile nyuzi zimesukwa kwa kuachana, na hilo kitambaa kizito kinaweza kulifanya. Kiweke mdomoni upulize. Ukisikia pumzi upande wa pili, nunua.

Ile siri watu wa suti wanaijua na sisi hatuisemi sana ni sufu ya joto. Ndio, sufu. Uzi unasokotwa sana, unasukwa wazi, ukiinua kitambaa kwa mwanga unaona vitundu vidogo kama chujio. Kinapumua, na ukikikunja kinajirudisha chenyewe. Kwa safari ya ndege na treni hakuna kitu kama hiki, unatoa kwa begi, unakung'uta, unavaa.

Koti langu la bluu ni la hiyo sufu, na nililipata Toi kwa shilingi 1,800. Ndani lina lebo ya Italia. Yaani limeshonwa kule, likavaliwa na mtu, likafungwa kwa beli, likaja mitumba, na sasa linarudi nyumbani kusalimia watu wake. Lakini siendi nalo vile nililipata. Fundi alitoa bitana yote ya mgongoni, akaacha ya mikono na ya mabegani tu, akatoa pedi za mabega. Ukitoa bitana, mishono ya ndani inabaki uchi, lazima kila mshono uvishwe utepe, na hiyo kazi ilimchukua siku nzima kuliko kushona suruali mpya. Kukata koti jepesi bila pedi si kitu kigeni kule. Napoli walianza miaka ya 1930, Vincenzo Attolini akiwa mkataji wa Gennaro Rubinacci, akatoa kila kitu kizito ndani ya koti la Kiingereza mpaka likakaa begani kama shati. Wazee wa Mombasa na Lamu nao wanavaa koti juu ya kanzu kwa joto la pwani na huwaoni wakihema. Kuvaa koti jua kali si wazimu, bora liwe limejengwa kwa jua.

Nililijaribu Machi. Nairobi mwezi wa sita ni baridi ya kuvaa jaketi mbili, huwezi kupima nguo ya joto hapa, kwa hivyo nilishuka Mombasa na SGR, nikatembea nalo kutoka Mji wa Kale hadi feri ya Likoni saa saba mchana. Jasho lilitoka, si uongo. Lakini mgongo ulikauka nikikaa kivulini, na hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wangu.

Nguo ya pili ndiyo itawashangaza: suti ya Kaunda. Kitani kizito, rangi ya kahawia ya udongo, mikono mirefu.

Mnakumbuka Novemba 2023, Spika Wetang'ula akapiga marufuku suti ya Kaunda bungeni? Nguo iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, iliyokuwa imerudi mjini kwa kishindo baada ya Ruto kuanza kuivaa, ghafla haina heshima ya kuingia bunge letu. Sasa, Waitaliano wana koti lao wanaliita sahariana. Mifuko minne ya kubandika, kola ya shati, mara nyingi mkanda kiunoni. Ni ndugu wa damu wa Kaunda. Yves Saint Laurent alilipeleka Paris mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo mafundi wa Italia wanalishona kwa bei ambayo ungelipia kodi ya bedsitter mwaka mzima. Hapa ni nguo ya kufukuzwa mlangoni, kule ni nguo ya kiangazi ya bwana mwenye pesa.

Mtaniambia hata hilo koti ni la mkoloni, la wanajeshi na wawindaji. Kweli. Ndio nikasema asili si hoja yangu. Hoja yangu ni fundi. Mzee ameshona Kenyatta Market tangu kabla nizaliwe, sare za shule na magauni ya kwaya, na mkono wake kwa kola ungemweka popote duniani. Ule mwezi shule zilianza kununua sare za kiwandani, alifuta kijana mmoja kati ya wawili aliokuwa nao. Nikivaa chapa ya kelele, hakuna mnunuzi atafika karibu aone kola. Nikivaa nguo ya rangi moja, kuna uwezekano, si hakika, mtu mmoja atanyoosha mkono ashike mfuko wa kifua, ageuze ncha ya mkono aone tundu la kifungo limeshonwa kwa sindano, aulize ni nani. Nimechapisha kadi hamsini zenye namba yake, hazina yangu. Viza pekee ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi, kwa hivyo elewa sichezi na hii trip.

Mengine ni haraka. Suruali mbili za ziada, moja rangi ya maziwa ya sufu, kiuno cha juu, mikunjo miwili mbele kwa sababu unakaa na unapanda ngazi. Mashati manne, meupe na buluu ya maji. Viatu vya kuingiza, ngozi ya kahawia, vilivyovaliwa mwezi mzima kabla ya safari, ukienda na viatu vipya kwa yale mawe umejitafutia malengelenge. Tai moja. Wasapeur wa Brazzaville wanasema rangi zisizidi tatu mwilini, na mimi kwa mambo ya rangi siwezi bishana na Mkongo.

Jumamosi naenda kujaribu Kaunda mara ya pili. Mabega yamekaa, mgongo bado unavuta kidogo chini ya kola. Mzee anataka kuweka vile vibapa vya mabegani vya kijeshi, anasema bila hivyo nitakaa kama karani. Nimemwambia, "Mzee, hapana." Akaniambia, "Kijana wangu, wewe valia, wacha mimi nishone." Hapo ndipo tumefika.