Gharama ya Boti Iliyolala Mchangani
Boti ya mbao iliyovutwa mchangani Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, hukaushwa na jua la kiangazi mpaka mianya kati ya mbao ipitishe mwanga, na hapo ndipo mwenyewe hukumbuka kalafati, yaani pamba yenye mafuta inayoshindiliwa humo kuzuia maji. Hesabu ya kununua chombo hukaliwa kikao na ukoo mzima; ile ya kukitunza, pamoja na petroli, plagi za injini na nyavu zilizochanika, huachiwa bahati ya ndagala, dagaa wa ziwani, ambao usiku wa mbalamwezi hawafuati taa. Asiyetenga fungu la matengenezo kabla ya kugawa mapato ana kuni zinazoelea, hana boti. Upande wa Tanzania, mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mbao ziliendelea kukauka.