Ufunguo Usizidi Kazi ya Aliyeushika

Katika kila nyumba yenye utaratibu, unga una mahali pake na fedha zina mahali pake. Mtoto hutumwa kuchota unga, lakini hapewi ufunguo wa sanduku. Mtumishi wa nyumbani hukabidhiwa ufunguo wa jiko, na hati ya shamba ikabaki kwa mwenye nyumba. Hapana anayeona kuwa hiyo ni dharau. Wazee walitambua tangu zamani kwamba kumpa mtu zaidi ya kile kinachohitajiwa na kazi yake ni kumtia majaribuni yeye mwenyewe, na kuitia nyumba nzima katika hasara.

Utaratibu huo huo ndio unaotakiwa katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililomo ndani ya kompyuta. Karani huingiza hati ya malipo, mkuu wake huikagua na kuiidhinisha, na mtu wa tatu huipeleka benki. Msimamizi wa mfumo hugawa ruhusa, lakini haimpasi kugusa malipo. Kila mmoja ana neno lake la siri, na kompyuta humfungulia mlango wake tu.

Hatari iliyo kubwa haitoki daima kwa mwizi avunjaye dirisha usiku. Mara nyingi hutoka kwa yule aliyeingia kwa mlango wa halali, kisha akajipandisha cheo akiwa ndani. Njia za kujipandisha ni nyingi. Karani hupata neno la siri la mkuu wake, akaidhinisha mwenyewe hati aliyoiandika mwenyewe. Mtumishi huhamishwa idara, ruhusa zake za zamani zisifutwe, akapewa na mpya juu yake. Baada ya miaka michache ana funguo za nyumba nzima. Mwingine hupewa uwezo wa kugawa ruhusa, naye huanza kwa kujigawia yeye. Tena ziko programu zenye kasoro, ambazo hutekeleza kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu hata kama aliyeiagiza ni mtumishi mdogo. Mjuzi mwenye nia mbaya huchomeka amri yake humo, na kompyuta hutii bila kuuliza.

Mjini Kampala jambo hili si hadithi. Mwezi Oktoba 2012, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa taarifa ya uchunguzi kuhusu fedha zilizopitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Fedha hizo, zipatazo shilingi bilioni 50, zilihusu hasa Mpango wa Amani, Ufufuaji na Maendeleo wa Uganda ya Kaskazini, ambako watu walikuwa wakirejea vijijini baada ya vita vya miaka mingi. Miongoni mwa yaliyobainishwa ni matumizi mabaya ya maneno ya siri katika mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za serikali. Mhasibu wa ngazi ya juu wa ofisi hiyo alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa makosa ya kughushi na kutumia vibaya madaraka, akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Hasara haikuishia kwenye daftari. Ireland, Norway, Denmark na Sweden zilikuwa miongoni mwa nchi zilizochangia fedha hizo, na misaada ikasimamishwa. Uganda ililazimika kurudisha fedha, zikiwamo yuro milioni 4 za Ireland. Mama wa Gulu aliyekuwa akingoja zahanati, na mwalimu wa Kitgum aliyekuwa akingoja nyumba, hawakuwahi kuiona kompyuta hiyo. Hata hivyo, wao ndio waliolipa.

Jambo la namna hii halikukoma. Mwishoni mwa Novemba 2024, Bunge liliarifiwa kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zilikuwa zimeingiliwa. Mapema mwaka 2025, maofisa kadhaa wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani. Mashtaka yalidai kwamba fedha zipatazo shilingi bilioni 60, zilizokusudiwa kulipa madeni ya nje, zilielekezwa kwa makampuni ya ng'ambo. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini wananchi wengi waliodhani kwamba adui alikuwa nje walikumbuka usemi wa wahenga: kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kuingia katika kompyuta bila idhini na kubadili yaliyomo. Walakini sheria huja baada ya mali kutoweka. Kinga huja kabla, nayo ni mambo manne. Kwanza, kila mtumishi apewe ruhusa zinazotosha kazi yake, zisizidi hapo. Pili, aandikaye malipo asiwe ndiye ayaidhinishaye. Tatu, anayehama au kuacha kazi afutiwe ruhusa zake siku hiyo hiyo. Nne, kila tendo liandikwe katika daftari la kumbukumbu ambalo hata msimamizi wa mfumo hawezi kulifuta, na mtu mwingine alisome mara kwa mara. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nyumbani nako hapana tofauti. Baba anayempa mpwa wake namba ya siri ya simu ili amtolee fedha mara moja, amempa ufunguo wa kila siku mpaka atakapoibadili. Chama cha akiba ambacho mweka hazina wake ndiye pia mwandishi na mkaguzi, kimejenga ghala lisilo na mlango. Haitoshi kusema kwamba mtu huyo ni mwaminifu. Mwaminifu naye huugua, hudaiwa, hutishwa, na neno lake la siri huweza kuibwa.

Basi, jioni ya leo, kila familia na kila chama kijiulize swali moja: ni nani aliye na ufunguo ambao kazi yake haiuhitaji tena? Akipatikana, ashukuriwe kwa heshima, na ufunguo urudishwe.