Uzi Usiopitisha Umeme, na Jinsi Unavyovikwa Shaba

Mtu avuapo shati la nailoni gizani, huko Mbeya katika baridi kavu ya Juni na Julai, hulisikia likitatarika, na pengine huona cheche ndogo. Huku Kyela jambo hilo ni adimu, maana hewa ya ziwani ina unyevu, nao huuondoa umeme pole pole. Si uchawi. Nailoni haipitishi umeme, basi umeme uliozaliwa kwa msuguano hukaa papo hapo mpaka uruke.

Nailoni ilitengenezwa kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani. Wavuvi wa Matema na Itungi wanajua wema wake: wavu wa nailoni hauozi upesi kama ule wa pamba. Mwaka 1965 Bibi Stephanie Kwolek, wa kampuni ile ile, alivumbua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, zenye nguvu kupita chuma cha uzito ule ule. Nazo pia hazipitishi umeme.

Shaba, kwa upande wake, hupitisha umeme vema, lakini ni nzito, na uzi wake mwembamba ukikunjwa mara nyingi hukatika. Lita moja ya shaba ina uzito wa karibu kilo 9. Kevlar haifiki kilo moja na nusu. Ndipo mafundi wakawaza: kwa nini uzi ule wenye nguvu usivikwe koti la shaba?

Kazi yenyewe ni ya kupendeza. Uzi husafishwa na kukwaruzwa kwa dawa, kwa kuwa madini hayashiki juu ya uzi laini. Kisha hupakwa chembe za paladiamu, ambazo ni kama chachu katika unga. Halafu hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya shaba au ya nikeli pamoja na dawa nyingine, na madini hutoka majini yakaganda juu ya uzi, pasipo betri yo yote. Ni jamaa ya ile kazi ya kupaka fedha nyuma ya kioo.

Nyuzi hizo husukwa kuzunguka nyaya za ndege na setilaiti, kuzuia mawimbi ya redio yasiingie. Zikifumwa chache katika nguo, lile shati halitatariki tena. Lakini msitazamie kuwasha nyumba kwa uzi huo. Koti lake ni jembamba mno.

Sasa neno kwa wenye mitumbwi. Wako wanaodhani kwamba waya wa umeme ulioangushwa na dhoruba waweza kuvutwa kwa kamba ya nailoni. Hapana! Kamba hiyo imelowa, ina matope, na nailoni yenyewe hunywa maji kidogo. Hilo nalo ni koti, koti la maji, na laweza kupitisha umeme wa kumwua mtu. Kaeni mbali na waya, ondoeni watoto, mkawaite watu wa TANESCO.